Utulivu wa mtaa wetu una wenyewe

Mhariri,

Ripoti yenu ya ukurasa mzima kuhusu mitaa mizuri ya kuishi imenikera kiasi cha kunishikisha kalamu. Nimelisoma gazeti hili tangu ujana wangu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Nimevumilia mengi humo. Hili limenishinda.

Mtaa wetu mliusifu kwa mambo manne: umetulia, uko kando ya bahari, bustani ziko karibu, na waajiri wakubwa wako mwendo mfupi tu kwa miguu. Mwandishi wenu aliyapanga manne hayo jinsi yanavyopangwa kwenye matangazo ya nyumba za kupangisha, moja baada ya jingine, bila kuuliza kama yanaweza kukaa pamoja. Sisi tunaoishi hapa tunajua hayakai. Hilo la nne linalila la kwanza, na sasa limeanza kulitafuna la tatu.

Utulivu huo haukujiotea. Nilipohamia hapa niliwakuta wazee waliokuwa wamekwenda ofisi za mji mara nyingi hadi wakachoshwa na viti vya kusubiria, wakidai malori yasipite barabara ya ndani. Walipata walichotaka. Walipanda miti kandokando ya bustani kwa mikono yao na kuimwagilia wakati wa kiangazi. Wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Waajiri wakubwa walipokuja waliukuta utulivu uko tayari, na leo unatajwa kama sehemu ya faida za kufanya kazi kwao.

Mwandishi wenu ni dhahiri alikuja mchana. Mchana upepo hutoka baharini kuja nchi kavu, kwa kuwa ardhi hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huo husukuma kelele kuelekea bara, mbali na sisi. Usiku mambo hugeuka. Ardhi hupoa kwanza, upepo hutoka bara kwenda baharini, na sisi tuko katikati. Juu ya hapo, hewa iliyo karibu na ardhi inapokuwa baridi kuliko ile ya juu yake, sauti hupinda na kurudi chini badala ya kupotea angani. Basi foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, inayorudi nyuma uani kwa mwajiri, huku ikipiga pii-pii-pii, mchana huisikii kabisa, lakini saa nane za usiku utadhani iko chini ya dirisha lako. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zinazozifikia nyumba usiku zisizidi wastani wa desibeli 45. Naomba mwandishi wenu arudi na kipimo mkononi, akae barazani kwangu kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, kisha aandike tena neno “tulivu”.

Lakini kelele tungeweza kuzizoea. Kisichozoeleka ni magari. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu ya asubuhi kuingia, mitaa yetu ya ndani hujaa magari ya wafanyakazi pande zote mbili. Yanakaa juu ya njia za waenda kwa miguu, kwenye kona na mbele ya mageti yetu. Siku moja jirani yangu, mama mtu mzima anayeishi na binti yake, alibanwa na pumu alfajiri. Binti alipiga simu na gari la wagonjwa lilikuja upesi, hilo siwezi kulilaumu. Likaishia kwenye kona. Magari mawili yalikuwa yameegeshwa yakitazamana na nafasi iliyobaki katikati haikutosha. Wahudumu walishuka na machela wakaja kwa miguu, na walipofika getini kwa mama wakakuta gari jingine limeziba geti lote, bampa limegusa nguzo. Tulilazimika kumpitisha mama juu ya ukuta mfupi wa ua wangu, wanaume wanne tumemshika yeye na kiti chake, barakoa ya oksijeni ikimteleza usoni na binti yake akiirudisha kila mara kwa vidole vinavyotetemeka. Kwenye kioo cha gari lile palikuwa na kibandiko cha mwajiri. Gari la wagonjwa lilipoondoka nilikwenda moja kwa moja hadi getini kwa mwajiri huyo nikiwa bado na kandambili. Mlinzi, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kwanza. Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: “Mzee wangu, nakuelewa kabisa, lakini sina ruhusa ya kumtoa mtu kazini kabla zamu haijaisha. Na mambo ya nje ya geti hayatuhusu.” Nyuma yake, kwa macho yangu mwenyewe, niliuona uwanja wa maegesho wa mwajiri. Ulikuwa umechorwa mistari myeupe vizuri kabisa, na safu nzima nzima zilikuwa tupu.

Mama alipona, nashukuru. Mwenye gari alikuja mchana kulichukua. Nilikuwa nimemsubiri nikiwa na maneno yangu tayari, lakini alikuwa binti mdogo tu, amechoka, na nilipomsimulia yaliyotokea alikaa chini kwenye ukingo wa barabara akaomba radhi huku akilia. Ndipo aliponieleza kile ambacho ripoti yenu ingetakiwa kukieleza. Anayeegesha ndani hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Anayeegesha mtaani kwetu hakatwi kitu. Mtu mwenye mshahara mdogo atafanya nini? Sina ugomvi tena na binti yule. Mwajiri amepiga hesabu yake akaona kuwa barabara yetu ni ya bure, na kwa kweli ni ya bure kwake. Gharama yake inalipwa na mama mwenye pumu, na mtoto anayekwenda shule akitembea katikati ya barabara kwa sababu njia yake imekaliwa na magurudumu. Mwenye kiti cha magurudumu hatoki nje kabisa hadi saa nane mchana, zamu inapokwisha. Kisha ninyi mnaandika kwamba kuwa karibu na waajiri wakubwa ni faida kwa mtaa! Faida kwa nani, Mhariri? Vijana wetu wachache wamepata kazi pale, nakubali, na nawaombea waendelee nazo. Lakini wao ndio wanaokwenda kwa miguu. Wanaoleta magari wanatoka mbali, na hakuna hata basi moja la kuwaleta.

Magari yaliyokosa nafasi mtaani sasa yameingia bustanini. Mlisifu miti yake, tena mkaweka na picha. Hiyo hiyo miti ndiyo wanayoegesha chini yake kutafuta kivuli. Mizizi inayomlisha mti haiko chini sana, mingi iko karibu na uso wa ardhi, na inahitaji hewa kama sisi. Ardhi ikikandamizwa na magari kila siku hewa hutoka, maji ya mvua hayapenyi tena, na mti huanza kufa kuanzia juu, taratibu, miaka kadhaa baada ya kosa kutendeka. Mmoja ulio upande wa barabara tayari una matawi makavu kileleni. Ofisi ya Ulaya ya shirika hilo la afya nililolitaja inashauri kila mtu awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 kutoka nyumbani kwake, yaani kama dakika 5 za kutembea. Sisi tunalo. Tulilirithi kutoka kwa watu waliolitunza, na linageuzwa uwanja wa magari huku mkilipiga picha.

Na kwa kuwa mmeitaja bahari, niseme na hili. Njia ya kushukia ufukweni, ile nyembamba iliyopita kati ya viwanja viwili vya zamani, imewekwa geti. Jengo jipya la vyumba vya kupangisha limejengwa pale kwa ajili ya maofisa wa hao hao waajiri, na mlinzi wake anamuuliza kila mtu anakwenda wapi. Naulizwa nakwenda wapi, mimi niliyewafundisha wanangu kuogelea pale! Hispania ilitunga Sheria ya Pwani mwaka 1988 ikasema ufukwe ni mali ya umma, na kwamba katika maeneo ya mijini njia za waenda kwa miguu za kufikia bahari zisiachane kwa zaidi ya mita 200. Kipimo kama hicho mtu yeyote anaweza kukihakiki kwa kamba. Hapa kwetu, ukifika kwenye geti lile, itabidi uzunguke hadi mwisho kabisa wa mtaa. Wazee wa rika langu wameacha kwenda.

Sitaki mtu aseme nimelalamika bila kutoa dawa. Mwajiri aache kuwakata wafanyakazi kwa kuegesha ndani. Hilo linaweza kufanyika kuanzia mshahara wa mwezi ujao, kwa karatasi moja yenye sahihi. Na kwa wale wasiotaka kuja na gari, awape thamani ya nafasi hiyo kwa pesa taslimu. Si ndoto yangu hiyo. California, huko Marekani, ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1992, kwa waajiri wanaowakodia wafanyakazi wao maegesho, na mtafiti Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alipozichunguza kampuni 8 zilizoitekeleza alikuta waliokuwa wakija peke yao ndani ya gari wamepungua kwa asilimia 17. Wengine walipanda mabasi, wengine wakachangia gari, wengine wakatembea. Mwajiri aliyeweza kujenga jengo la ghorofa na kulizungushia vioo hawezi kushindwa kukodi mabasi mawili ya zamu.

Foklifti nazo zibadilishwe ving'ora. Kuna aina inayochakacha kama redio iliyokosa stesheni. Aliyesimama nyuma ya mashine huisikia vizuri na kujua inatokea upande gani, lakini sauti yake hufifia mapema kuliko ile ya pii-pii. Usalama wa mfanyakazi unabaki pale pale na sisi tunalala. Bustani izungushiwe mawe makubwa, siyo nguzo za plastiki zinazong'olewa usiku, na mawe hayo yawekwe umbali ambao kiti cha magurudumu kinapita na gari halipiti. Pale kwenye kona liliposhindwa kupita gari la wagonjwa, mstari wa njano uchorwe pande zote mbili, na gari la atakayeegesha juu yake livutwe siku hiyo hiyo bila kujali kibandiko kilichoko kwenye kioo chake. Geti la ufukweni liondolewe.

Na ninyi, Mhariri, mkija tena kuandika kuhusu mtaa wetu, gongeni mlango wowote kabla ya kumpigia simu dalali. Tutawaeleza. Karatasi za vikao vya wale wazee ninazo, barua walizoandika na majibu waliyopewa, pamoja na ramani inayoonyesha njia ile ya ufukweni ikiwa imeandikwa “njia ya umma” kwa wino ambao bado unasomeka. Nitawapa nakala muichapishe, kwa ukubwa ule ule mliowapa wauza nyumba.

Mkazi wa muda mrefu, mtaa wa pwani