Barua ya wazi kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, anayesimamia Idara Maalum za Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ)

YAH: KUPIMA ARDHI YA UWANDA KABLA YA KUIPANGIA MAFUNZO YA VIKOSI

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Naomba kwamba, pale vikosi vilivyo chini yako vinapohitaji ardhi ya uwanda, yaani ile ya mawe ya matumbawe, kwa mafunzo, mwenendo wa ardhi hiyo ujaribiwe kwanza kwenye kompyuta kabla ya kuamuliwa magari yapite wapi.

Jeshi la Marekani, ambalo kambi yake ya Fort Bliss peke yake ina zaidi ya ekari milioni moja za nchi kame, limetumia modeli ya kompyuta iitwayo EDYS, inayofuatilia siku hadi siku mvua inavyoingia ardhini, mizizi inavyogombania maji na mimea inavyorudi baada ya kukanyagwa au kuungua. Mpangaji huweza kuuliza: zoezi likifanywa kiangazi badala ya masika, patabaki nini baada ya miaka kumi?

Modeli hiyo haiwezi kutumika Unguja kama ilivyo. Udongo wa uwanda umo katika vishimo baina ya mawe, vingine havijazi hata kofia, na mkulima hupanda humo shina moja la muhogo akashukuru. Gari zito likigeuka hapo udongo hufumuka, kisha masika huuteremsha kwenye mianya ya mawe, usionekane tena. Mianya hiyo hiyo ndiyo inayopeleka mvua chini tunakochota maji ya kunywa, kwa hiyo hata mafuta yakimwagika yana njia fupi.

Pa kuanzia tunapo. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ilianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa ndege zisizo na rubani, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakishiriki. Picha hizo haziwezi kuonyesha kina cha udongo. Hicho hupimwa na mtu aliyeingia kichakani na chuma mkononi. Wakata kuni, nao, wanajua wapi kichaka huchipua upesi na wapi hakichipui tena, na sioni kwa nini wasilipwe kama wataalamu wengine.

Basi ichaguliwe kambi moja, vitengwe vipande vinavyotumika na visivyotumika, vipimwe kabla na baada ya masika kwa miaka isiyopungua mitatu, na modeli irekebishwe kwa vipimo hivyo. Makisio yake yatangazwe, isipokuwa yanayogusa usalama. Jawabu la kompyuta lisilo na vipimo hivyo lisikubaliwe kuwa sababu ya kufyeka hata ekari moja.

Wako mtiifu,
Mkaazi wa Kusini Unguja