Vijana wangu, Yesu hakuwa anaigiza pale Gethsemane

Tumsifu Yesu Kristu vijana wangu wa parokia. Jumatano kwenye kipindi chetu nilinyamaza, sio kwamba sikusikia, magoti yalikuwa yanauma na saa mbili usiku mzee hana nguvu ya kubishana, ila lile neno limeninyima usingizi kwa hiyo naandika hapa wote msome. Mmoja wenu alisema pale Gethsemane, ile bustani aliyosali usiku wa kukamatwa, Yesu alikuwa anaigiza, kwamba yeye ni Mungu ataogopaje kufa, alikuwa anatupa mfano tu. Na wengine mkaitikia amina!

Sasa hilo wazo ni la zamani mno. Karne ya 4 kulikuwa na askofu Apollinaris wa Laodikea kule Siria, msomi kweli kweli, alimtetea Kristu dhidi ya kina Arius waliosema Mwana kaumbwa (ndo maana kila Jumapili mnatamka "aliyezaliwa bila kuumbwa", yalipiganiwa kwenye mtaguso, yani mkutano mkuu wa maaskofu, kule Nikea mwaka 325 hayo, msiyapitie mbio mbio mkiwahi chai). Ila katika kutetea akapitiliza, akasema Yesu alikuwa na mwili wa mtu lakini akili ya mtu hana, nafasi yake imekaliwa na Neno, yani Mwana wa Mungu. Yani mwili kauvaa kama koti. Gregory wa Nazianzus akamjibu kifupi tu: kisichotwaliwa hakikuponywa. Kama hakuitwaa akili yetu basi bado inaumwa, na mimi nikiona mnayopost naona dawa bado tunaihitaji.

Karne ya 7 wazo hilo likaingilia mlango wa uani. Dola ya Konstantinopoli ilikuwa imebanwa na Waajemi alafu Waarabu, na Wakristo wengi wa Misri na Siria walikuwa wameukataa Mtaguso wa Kalsedoni wa 451 uliosema Kristu ni nafsi moja mwenye asili mbili, ya Mungu na ya mtu. Kaisari Heraclius na Patriarki Sergius wakatafuta maneno ya kuwapatanisha: sawa, asili mbili, ila utashi (yani uwezo wa kutaka na kuamua) mmoja. Hata Papa Honorius aliandika hivyo hivyo, na baadae mtaguso ukamlaani yuko kaburini, hilo siwafichi.

Aliyegoma ni mmonaki Maximus. Aling'ang'ania mstari uleule mliouruka nyie, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Hoja yake ni kwamba kuogopa kifo sio dhambi, ndivyo mtu alivyoumbwa, na utashi huohuo wa kibinadamu ulioogopa ndio uliokubali, hakuna aliyekubali kwa niaba yake. Mwaka 648 Kaisari Constans II akapiga marufuku kabisa kulijadili jambo hilo, Papa Martin I akakataa, akakamatwa akafia uhamishoni 655. Maximus yeye mwaka 662, ana miaka 80 na ushee, wakamkata ulimi na mkono wa kulia, ulimi wa kusemea na mkono wa kuandikia, wakamtupa Lazica, Georgia ya leo, akafa Agosti hiyohiyo. Miaka kama 20 mbele Mtaguso wa Konstantinopoli wa 680-681 ukasema tashi ni mbili, na wala hazipingani.

Mnaweza kusema mzee anatuletea ya Wagiriki. Haya. Mwaka juzi nilikaa wodini na mke wangu usiku wa kuamkia operesheni, kanishika kidole hiki kidogo kama mtoto, ananiambia baba fulani mimi naogopa, alafu analia kwa sababu anaona kuogopa ni kukosa imani. Nikamsomea Mathayo 26:39, akaniambia rudia, nikarudia, akalala. Sasa kama Yesu aliigiza, mimi nilikuwa namsomea nini yule mama?

Jumatano ijayo tunaanza na sura hiyo. Aliyesema anaigiza ndo atasoma kwa sauti, na sijamkasirikia, aje na Biblia ya karatasi maana simu yake huwa inazima chaji katikati.