Risala ya Mafundi wa Viatu vya Ngozi wa Longido kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuja. Vumbi la Longido umeshalionja, kwa hiyo wewe sasa si mgeni sana.

Tulianza mafundi sita na cherehani moja. Leo tuko 23. Tunashona makubazi, mikanda na viatu vya shule. Redio ikitangaza kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imefika nchi 8, baada ya Kongo kuingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024, wengine wanahesabu bendera. Sisi tunahesabu miguu.

Wazee wetu wanakikumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia kikitarajiwa kuuza Ulaya. Mashine zilikuja, Ulaya haikununua. Kwa maoni yetu, soko lilikuwa jirani muda wote.

Mheshimiwa, tunaomba uishike ngozi hii. Hiyo alama ni chapa ya moto, katikati ya mgongo, mahali penye ngozi nzuri kuliko kote. Hata ikitiwa dawa kiwandani haifutiki. Hayo matundu matatu ni kisu cha mchinjaji mwenye haraka. Ngozi ya kutoa pea 15 imebaki ya pea 9. Tangu Julai 2022 Jumuiya inatoza asilimia 35 kwa viatu vya ngozi vinavyotoka nje, na tunashukuru, ila ushuru hauzibi tundu la kisu.

Mwaka jana tulibeba pea 60 kwenda Kajiado, upande wa Kenya, tukarudi nazo. Hatukuwa na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha bidhaa imetengenezwa nchi gani, na kosa lilikuwa letu. Hatukujua kwamba mzigo usiozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha, una cheti chake rahisi kinachotolewa mpakani. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kutupitisha njia ya panya. Tulikataa, Mheshimiwa, ingawa hatukukataa haraka. Na hapo mpakani Namanga kuna kituo cha pamoja cha Tanzania na Kenya tangu Desemba 2018, unakaguliwa mara moja tu, upande unaoingia! Barabara ipo, kituo kipo, sisi tulipungukiwa na karatasi.

Kwa hiyo tunaomba afisa biashara aje hata siku moja atufundishe kujaza cheti hicho. Tunaomba afisa mifugo azungumze na wafugaji mnadani, chapa ipigwe mguuni, na wachinjaji wafundishwe kuchuna. Mwisho tunaomba mashine ya kupunguza unene wa ngozi, maana sasa tunaparua kwa kisu na vidole vyetu unaviona.

Hapo mezani kuna makubazi yako, namba 9. Tulikisia. Yakibana, fundi yuko hapa.

Tunaomba kuwasilisha.