Mkasi na utepe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka kumi na tisa bila kuwaandikia hata mstari. Ile habari yenu ya ufunguzi wa soba hausi, nyumba ya kuwaachisha vijana dawa za kulevya, ndiyo imenitoa kimya. Mgeni rasmi, mkasi, utepe, keki, na vijana kumi na wawili "waliohitimu". Mwandishi wenu hakuuliza usiku ule walikwenda kulala wapi.

Mimi najua. Mdogo wangu alikaa soba hausi miezi minne, nami nikilipa kwa hela ya maandazi. Siku ya kutoka akakabidhiwa begi la shangazi kaja lenye nguo zake na cheti, basi. Akarudi chumba kilekile cha uani, dirisha linatazama kijiwe kilekile, na wa kwanza kumpa hongera akawa pusha, muuza unga wa heroini. Huyu mtoto aliwahi kupigwa na wananchi kwa wizi wa simu, wakamvisha tairi shingoni, polisi wakawahi petroli haijaletwa. Hadi leo akisikia watu wanakimbia nje anaingia mvunguni. Miezi yote minne alisomeshwa Hatua 12, ule mpango wa kuacha ulevi hatua kwa hatua, asubuhi na jioni. La tairi hakuna aliyemuuliza. Wiki ya tatu nikamkuta chooni anakoroma, midomo imekuwa ya buluu. Daktari wa zamu ndiye aliyenieleza kwamba mwili uliokaa miezi bila unga hauhimili tena kipimo cha zamani. Kumbe linajulikana! Sasa kwa nini sikuambiwa siku ile ya cheti, badala yake nikaachwa niende kununua soda za kumpongeza?

Alipona. Siku hizi anakunywa methadoni, dawa ya hospitali ya kushika nafasi ya unga, hiyo iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na kila siku lazima aende mwenyewe akainywe mbele ya muuguzi. Hapo sasa ndipo utawajua makonda. Wakishazoea kituo anachoshukia: "Teja, kaa mbali na mikoba ya watu." Na kibarua cha kuripoti saa moja asubuhi ataripotije yuko kwenye foleni ya kikombe? Alipofuata barua ya utambulisho ya mtaa ili apangishe kibanda, akaombwa "ya soda". Soda tena!

Ushauri wangu: mgeni rasmi ajaye asihangaike na utepe. Aje siku ya 21 baada ya vijana kutoka, saa nne usiku, akae kwenye kitanda cha mdogo wangu, dirisha wazi. Mkasi aje nao. Kitambaa cha pazia nimeshanunua, hakijakatwa.

Dada mtu,
Temeke, Dar es Salaam