Wanangu wa taa za sola, acheni gundi

Wanangu wa vyuo na sekondari mnaotengenezea watoto wa vijijini taa za sola, nawasalimu.

Nimestaafu ufundi wa redio, lakini tangu masika yaishe meza yangu hapa Handeni imejaa taa zenu, zile zile mlizogawa shuleni kwa picha na vigelegele. Hazijavunjika. Zimekufa tu, na watoto wamerudi kwenye kibatari, pua nyeusi kwa masizi.

Ugomvi wangu na nyinyi ni gundi. Kwa nini mnaziba taa kama jeneza? Ya mwisho kuletwa niliifungua kwa kisu, ikapasuka pembe. Ndani nikakuta waya mmoja wa betri umeachia kwenye lehemu. Basi! Kazi ya dakika mbili kwa mwenye pasi ya kulehemia, lakini ataingiaje? Skrubu nne zingemaliza maneno yote haya. Nyingine ilikuwa mbaya zaidi: betri ya lithiamu ya volti 3.7 imeungwa moja kwa moja na paneli, hakuna saketi ya kuilinda. Betri hiyo ikifika volti 4.2 imeshiba, ukizidi kuijaza inavimba, na inaweza kuwaka moto. Na mmempa mtoto wa darasa la tatu alale nayo kichwani! Kama hela ipo, tafuteni ile ya lithiamu na fosfati ya chuma, ya volti 3.2. Inavumilia joto na inadumu zaidi.

Tena, nani kawaambia taa itakaa kwa mtoto? Baba atachajia simu, mama ataingia nayo jikoni, mgonjwa akizidiwa usiku ndiyo itakayotangulia njiani. Siwalaumu wazazi. Nyumba yenye taa moja haina taa ya mtoto. Wangeulizwa mapema, pengine wangetaka mbili za kawaida kuliko moja yenye redio na mbwembwe.

Mengine mnayajua, ila hamyafanyi. Paneli ielekee kaskazini, si kusini kama vitabu vya Ulaya visemavyo. Sisi tuko chini ya ikweta. Iinamishwe kidogo, mvua ioshe vumbi. Betri mbovu zirudi mjini, zisitupwe shimoni.

Na sisi wakubwa tusijifiche nyuma yenu. Nyaya za umeme zinapita juu ya mapaa ya watu. Kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000, sawa, lakini nyaya za ndani, swichi na fundi analipa nani? Hiyo UMETA (Umeme Tayari), kifaa cha wasio na uwezo wa kutandaza nyaya, wameiona wangapi? Mtoto anasomea mafuta ya taa chini ya nguzo, halafu kiongozi anakuja kupigwa picha akimkabidhi taa ya msaada. Hata haya hatuna.

Sijaandika ili muache. Lehemu ya baadhi yenu ni safi kuliko yangu, nimeiona. Ila mkija tena, msije Jumamosi asubuhi mkaondoka jioni. Pale senta kuna vijana wanaotengeneza simu, wana mita na pasi zao. Kaeni nao, fungueni taa pamoja, waachieni mchoro wa saketi, betri za akiba, na namba ya simu ambayo mwakani bado itapokelewa.