Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, marubani wenye leseni na ninyi mnaoendelea na mafunzo, hamjambo.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitapita haraka. Masomo ya jioni ya mitihani ya nadharia yaliendelea kila Jumatano pale uwanja wa ndege wa Wilson, isipokuwa wiki tatu za Aprili mvua ilipotuzidi. Tulitembelea mnara wa waongoza ndege mara mbili. Wenzetu 9 waliruka peke yao kwa mara ya kwanza wakamwagiwa maji kama ilivyo ada, 6 wakapata leseni ya rubani binafsi na 2 ya rubani wa biashara. Tulinunua hedseti 4 na moja haijarudi. Aliye nayo naomba aikabidhi kwa katibu. Hongereni nyote.

Sasa nije kwenye uamuzi wa Mei, kwamba kila kipande cha safari kiwe na kapteni mmoja anayeandika saa na kukilipia, kwa kuwa najua ndio uliowaleta wengi hapa leo.

Tangu chama kianze, wenye leseni wawili watatu walikuwa wakikodi ndege ndogo moja aina ya Cessna 172, wanagawana bili sawasawa, na wakitua kila mmoja anaandika saa zote katika daftari lake la saa za kuruka kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa kapteni. Safari ya saa 3 ikawa inazaa saa 9. Nami niliandika hivyo mara mbili kabla sijachaguliwa. Saa hizo nimezipiga mstari na kuweka sahihi, mwenye kutaka kuona aje aone.

Mwezi wa Machi mwenzetu mmoja, ambaye simtaji, alipeleka daftari lake likaguliwe kwa ajili ya leseni ya biashara. Ndege nayo ina daftari lake, na humo huandikwa kapteni mmoja, muda wa kuondoka na muda wa kufika. Yalipolinganishwa zikaonekana safari ambazo tarehe ni moja, ndege ni ile ile, saa ni zile zile, ila makapteni ni wawili. Saa 31 zikakatwa. Hizo ni saa alizochangia fedha halali, akizitafuta kwa zaidi ya mwaka. Mimi ndiye niliyempeleka kwa gari langu na kumrudisha Rongai jioni ile, na njia nzima hakusema neno. Nilipofika nyumbani niliandika rasimu ya utaratibu mpya usiku huo huo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Cessna 172 imeidhinishwa kurushwa na rubani mmoja. Aliyekaa kiti cha kulia, kama si mwalimu, ni abiria, hata kama ameshika redio kutoka Wilson hadi Nanyuki. Abiria haandiki saa. Kwa hiyo kila kipande cha safari kina kapteni mmoja, jina lake linaingia kwenye daftari la ndege kabla injini haijawashwa, na yeye ndiye anayelipia kipande hicho. Ukirusha wewe kwenda Nanyuki, mwenzako anarusha kurudi. Muda unahesabiwa tangu ndege inaposogea kwa nia ya kuruka mpaka inaposimama mwisho wa safari, wala si tangu mlipokutana kantini.

Nimesikia hoja zote, na nyingine nimezisikia kwa maneno makali.

Ya kwanza ni ya Marekani. Ni kweli kule mmoja akijiziba macho asione nje ili ajifunze kuruka kwa kutazama vyombo, mwenzake anayemlindia usalama anaweza kuandika saa hizo, kwa masharti yao. Lakini leseni tunazoziomba ni za Kenya, na anayekagua madaftari yetu hatumii kanuni za Marekani.

Ya pili ni nzito zaidi, na nakiri inauma mfukoni. Viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo kanuni zetu zinavifuata, vinamtaka anayetafuta leseni ya biashara awe na saa 200, au 150 kama amesoma kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake iwemo safari moja isiyopungua kilomita 540, akiwa yeye ndiye kapteni, na atue kabisa katika viwanja viwili tofauti. Wengi wetu tunaifanya Wilson, Eldoret, Kisumu na kurudi, kama kilomita 600. Mkiigawana vipande hakuna hata mmoja wenu aliyeitimiza, ila wote mmelipa. Ndiyo maana tuliamua safari hiyo irushwe na mtu mmoja na ailipie yote. Walioniita katili kwa hili nawaomba wachukue karatasi wapige hesabu: kuilipia nzima mara moja, au kuilipia theluthi leo, kisha uirudie nzima mwakani.

Tatu, wanaofunzwa wanalalamika kwamba wanachanga ilhali hawawezi kugawana. Mwanafunzi asiye na leseni haruhusiwi kubeba abiria. Hilo si la kamati. Ila punguzo la bei tunalolipata tukilipia saa 50 za ndege kwa mkupuo linamfikia yeye pia, hata kwa saa anazoruka na mwalimu.

Nne, ombi la kupeleka watu arusini Malindi, ambalo wageni wangelipa nauli. Nililikataa mimi mwenyewe kabla halijafika kwenye kamati, na ningelikataa tena. Mwenye leseni ya rubani binafsi haruhusiwi kulipwa kwa kubeba watu, na lingetokea la kutokea, bima isingemtambua yeyote.

Wanachama 4 wametuaga kwa sababu ya mambo haya. Imeniuma, kwa kuwa wawili niliwaleta mimi. Imesemwa kwamba nimekwisha kula na sasa nawanyang'anya wengine sahani. Daftari langu liko mezani kwa katibu. Kila saa iliyomo ina risiti, na ng'ombe wa baba waliouzwa kwa ajili yake wanajulikana kijijini.

Tena uamuzi huu haukuwa wa mtu mmoja. Ulipitishwa na mkutano halali. Akidi yetu ni wanachama 21 na siku hiyo tulikuwa 22. Wengi wanaoulalamikia hawakuwapo. Septemba niliitisha mkutano mwingine hasa ili hoja zao zisikilizwe, wakaja watu 14. Nilikodi viti 60. Kwenye kundi la WhatsApp tunapata ujumbe 200 kwa siku, lakini siku ya kukaa kitako na kuamua ukumbi unakuwa mtupu. Hili linanivunja moyo kuliko matusi yote.

Kuhusu ada. Tumebaki 61, na kwa shilingi 1,000 kwa mwezi tulitarajia 732,000. Zimeingia 418,000. Wanachama 27 wamemaliza, 17 wamelipa nusunusu, na 17 hawajatoa hata shilingi. Deni ni 314,000. Matokeo yake Agosti hatukuweza kulipia saa 50, tukalipia 25, punguzo likapotea, na kila aliyeruka kuanzia hapo alilipa bei kamili, hata yule ambaye hadaiwi. Nilitoa 40,000 zangu kuziba pengo. Sijarudishiwa na sijadai. Nazitaja kwa kuwa zimo kwenye hesabu. Mawingu nayo hayakutusaidia: Juni hadi Agosti kuna wiki ambazo hayakupanda kabla ya saa nne asubuhi, na aliyeshika zamu ya saa moja alirudi nyumbani bila kuruka.

Kwa mwaka ujao tunatumaini, Mungu akijalia, kuzungumza na sacco kuhusu kununua Cessna 150 iliyotumika, iwe yetu wenyewe. Tunafikiria pia kupata kifaa cha kuigizia urushaji, na kuwaomba walimu watupunguzie bei. Mazungumzo yataanza hali ikiruhusu.

Mweka hazina atasoma hesabu baada ya chai. Hoja ya kufuta uamuzi wa Mei, iliyoletwa na wanachama watatu, ni ajenda ya 6. Tukifika hapo nitampisha makamu wangu kiti, nishuke nikae nanyi, na nitapiga kura ya kuipinga.

Mwenyekiti