Neema, nisaidie kwa Baba kuhusu hili jina

Neema shosti yangu,

Bwana Yesu asifiwe. Watoto hawajambo? Mama mguu umepoa au bado anaenda kwa yule wa Himo? Najua umeninunia, voisi yako ya Pasaka nilisikiliza nikiwa kwenye treni nikasema nikifika nyumbani najibu, af zikaja zamu za usiku, zikaja karatasi za ndoa, ndo hivyo hadi leo. Nisamehe. Nakuandikia ndefu kwa sababu hili jambo kwa simu siliwezi, nikianza tu sauti inakwama.

Ni kuhusu Baba. Jumapili ya juzi baada ya ibada nilimpigia, tukaongea vizuri, mvua, ndizi, ng'ombe kazaa, halafu akauliza huyu mwenzio Jens jina la ukoo wao nani maana nataka niwaambie wazee. Nikamwambia Meyer. Akanyamaza. Nikadhani mtandao umekata, nasema halo, halo, lakini nasikia kuku wanalia huko nyuma. Kisha akauliza, "Meyer wa mlimani?" Nikasema hapana Baba, ni Meyer tu, wako wengi. Akasema haya, ongea na mama yako. Hajapokea simu yangu tena mpaka leo, anampa Mama.

Na wewe unamjua Baba. Miaka 22 amebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, Mandara, Horombo, Kibo, na kila safari akipita lile pango la Hans Meyer usiku na wateja wanaotapika, ndo anawasimulia kwamba mzungu wa kwanza kufika juu ni huyo, tarehe 6 Oktoba 1889, yeye na Purtscheller wa Austria. Mimi toka mdogo nimemsikia akirudi anasema wanaandika Meyer, Meyer, na waliobeba mahema na chakula hawaandikwi. Mzee Lauwo anayesemekana aliwaongoza njia nyumbani tunamtaja, Mangi Mareale, chifu aliyewapokea Marangu, tunamtaja, ila kilele juu kikapewa jina la Kaisari Wilhelm mpaka tulipopata uhuru kikawa Uhuru, na kule Mawenzi kile kirefu mpaka leo kinaitwa Hans Meyer. Sasa binti yake anakuja kumwambia mimi nakuwa Meyer. Namwelewa kabisa. Ningekuwa yeye na mimi ningempa Mama simu.

Lakini Neema nimelifuatilia hili jina mpaka nimechoka, na nilichokikuta nataka kimfikie Baba kupitia kwako kwa sababu wewe anakusikiliza.

Kwanza huyo wa mlimani ni Mjerumani wa Leipzig, familia ya wachapaji, walikuwa na zile ensaiklopidia kubwa, watu wa pesa. Wa kwetu, kina Jens, ni wakulima wa Lippe, huko karibu na Detmold, hawana undugu wowote. Ila kutokuwa ndugu hapa si habari, maana hili jina liko kila mahali. Tunapokaa sisi huku Ujerumani, Hannover, mlangoni kuna kile kibao cha kengele, watu 14, watatu ni kina Meyer na hawajuani hata kidogo: mmoja Meyer, mmoja Meier, na ghorofa ya juu Niemeyer. Postamani mgeni akija anabonyeza zote tatu. Na kwenye simu ukitaja tu jina mtu anakuuliza hapo hapo, kwa e au kwa a? Kwa i au kwa ipsiloni, yaani y? Maana yote matamshi ni yale yale, maia, tofauti ni maandishi: Meyer, Meier, Maier, Mayer, Mayr. Huku kaskazini Meyer ndo wamejaa, ukishuka kusini Bavaria na Stuttgart unakuta Mayer na Maier, ukifika milimani mpaka Austria ndo Mayr. Jina linaloongoza nchi nzima ni Müller, msaga nafaka, af Schmidt mhunzi, Schneider fundi cherehani, Fischer mvuvi, Weber mfumaji, karibu yote ya juu ni kazi za watu, na Meyer kwa maandishi haya tu ya kina Jens liko kwenye kumi bora, bado hujaongeza wale wengine.

Na Meyer nayo ni kazi. Hapa ndo nataka umweleze Baba taratibu.

Zamani za kati huko, bwana mwenye ardhi, au askofu, au watawa, walikuwa na mashamba mengi na hawawezi kuwa kila mahali, basi kwenye kila shamba kubwa anawekwa mtu mmoja asimamie, ahesabu magunia, akusanye sehemu ya mavuno kwa wakulima, apeleke juu. Huyo ndo meier. Neno lenyewe ni la Kilatini, maior, yaani mkubwa, na hapo nilishika kichwa, kwa sababu ndo hilo hilo kwa Waingereza likawa neno la mkuu wa mji na sisi tukalichukua tukasema meya, na lile lingine la jeshini tukasema meja. Kwa hiyo meya wa Moshi na meja wa JWTZ na mume wangu mtarajiwa ni neno moja! Nilimpigia Jens kazini kumwambia.

Ila kwa Kiswahili cha kwetu ukitaka kusema ukweli, meier ni nyapara. Nyapara wa shamba la mkubwa. Na wewe unajua babu yangu alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la walowezi, na neno nyapara kwa kina Bibi lilitamkwaje. Sasa nikakaa nikafikiri, hili nimwambie Baba au nisimwambie? Nimetoka kwenye mlima nimeangukia kwa nyapara. Lakini bibi yake Jens, ana miaka 88, anaongea polepole ili nimwelewe, akanieleza kwamba baadaye ule mpango wa mabwana ulivunjika, na huku kaskazini meier akawa mkulima anayekodi shamba lake na kurithisha watoto, analipa kodi kwa bwana lakini shamba hawezi kufukuzwa hivi hivi. Wakawa wengi mno kijiji kimoja, ndo wakaanza kutofautishwa. Niemeyer ni meier mpya, Obermeier wa juu, Kirchmeyer wa shamba la kanisa. Lippe huko ni hayo tu, ukisoma majina ya wafu ukutani kanisani kwao unaona meier, meier, meier chini mpaka mwisho.

Na sasa sikiliza hii. Rais wao, Steinmeier, kazaliwa Detmold, huko huko. Stein ni jiwe. Meier wa penye jiwe. Ndiye aliyekuja Songea Novemba 2023, akakaa na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, akaomba msamaha kwa waliyofanya Wajerumani wakati wa Maji Maji. Ile siku mimi nilikuwa zamu, nikaangalia kwenye simu chooni nikalia, Mangi wetu Meli nao ndo walimnyonga, 1900, sisi tumekua na hiyo habari. Sikujua kama jina lake na la Jens ni kitu kimoja. Baba aliiangalia kwenye TV kwa Mzee Ndesa, nakumbuka alisema "angalau amekuja mwenyewe". Umkumbushe hilo neno. Mwambie aliyekuja naye alikuwa Meier.

Si kwamba nataka kulisafisha jina. Nataka ajue ni kubwa kuliko yule mtu mmoja.

Kuna kitu kingine ambacho sijamwambia mtu. Njia ya kwenda kwenye tramu pale kona kuna vile vijiwe vidogo vya shaba wamevipachika kwenye lami, upana kama kiganja, vinaanza "Hapa aliishi", halafu jina, halafu mwaka na kambi alikopelekwa kuuawa. Nilikuwa napita tu kila siku. Wiki iliyopita mvua imevisafisha vinang'aa nikainama, viwili vimeandikwa Meyer. Mume na mke. Ni Wayahudi. Kumbe kwao jina hili mara nyingi linatoka kwingine kabisa, kwenye Meir, jina la Kiebrania, mleta nuru, na walipolazimishwa na serikali kuwa na majina ya ukoo ya kudumu, Austria 1787, Prussia 1812, wengi waliokuwa na baba au babu anaitwa Meir wakaandikwa Mayer, Meyer, ikafanana na ya wakulima. Golda Meir, yule aliyekuwa waziri mkuu wa Israeli, alikuwa Meyerson, akairudisha iwe Meir 1956. Kwa hiyo ukiona Meyer kwenye kengele hujui, ni shamba au ni nuru. Nilisimama pale mpaka tramu ikaniacha.

Turudi kwa Baba, maana ndo shida yenyewe.

Nilipomsimulia Jens ile simu alikaa kimya muda mrefu, af akaenda kwa bibi yake wikiendi peke yake. Karudi na habari. Yule babu yao wa huko nyuma, baba wa babu wa bibi, hakuzaliwa Meyer! Alizaliwa na jina lingine, akaoa binti wa shamba la kina Meyer, akahamia kwao, na huko kwao mwanaume akihamia kwenye shamba la mke anachukua jina la shamba. Shamba ndo lina jina, watu wanapita. Zamani ilikuwa kawaida kabisa, mpaka kwenye madaftari ya mchungaji wanaandika fulani aitwaye Meyer. Na wachungaji walikuwa wanaandika kama masikio yanavyosikia, mtoto wa kwanza Meier, wa pili Meyer, mpaka 1876 serikali ilipoanza kusajili yenyewe vizazi na ndoa nchi nzima ndo maandishi yakaganda.

Basi Jens ananiambia, kama babu yangu alibadilisha kwa kuoa, mimi nitashindwaje? Mimi nitakuwa Lyimo.

Neema. Nilimwangalia nikakosa la kusema. Huku sheria inaruhusu, mnaweza kuchagua la mke au la mume, kila mtu abaki na lake, na tangu tarehe 1 Mei 2025 wameruhusu wote wawili mbebe yote mawili, Lyimo Meyer, au na kistari katikati. Kwa hiyo ofisini wala hawashtuki. Lakini huko nyumbani? Lyimo ni ukoo, ni damu, ni kihamba, lile shamba la urithi, ni makaburi ya kina Babu pale chini ya migomba. Mzungu anaamka asubuhi anasema mimi Lyimo, wazee wataona ni heshima au wataona anatuchukulia na hili pia? Hilo neno "na hili pia" nalisikia kwa sauti ya Baba kabisa. Jens haoni, yeye anaona anatoa, anaona anaacha la kwao kwa ajili yetu, na ana moyo mweupe kweli, alilia alipokuwa ananiambia.

Mimi moyo wangu uko kwenye yote mawili. Lyimo mbele, Meyer nyuma, mimi na yeye na watoto. Watoto wakipita kwenye lile pango na Babu yao wajue wametoka pande zote. Lakini silipeleki ofisini bila Baba. Siwezi.

Na muda hakuna. Ndoa ya serikali ni mwezi wa kumi, Desemba tunakuja nyumbani kwa ya kanisani kama watu wote. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Na hapo kuna ofisi moja ya tafsiri ilishaniandikia kwenye cheti changu mchumba ni "Meier", e-i, nikarudishwa, nikalipa upya euro 65, wiki tatu zimepotea kwa herufi moja! Nilikasirika nikamwonyesha Jens, akasema karibu kwenye ukoo, na sisi wote imetukuta.

Kwa hiyo nakuomba. Jumamosi ukitoka sokoni pita kwa Baba, usiende na watu, nenda jioni akiwa amekaa pale kwenye gogo anasikiliza redio. Usianze na jina. Anza na ng'ombe. Af msomee hii barua, ile ya shamba kumpa mtu jina usiiruke, na ile ya Songea, ya nyapara utaona mwenyewe uso wake ukoje. Ya Jens kutaka kuwa Lyimo iache ya mwisho, na usimwambie kwamba nimelia.

Sasa nijibu haya yote usiniruke hata moja. Baba amekuambia chochote mpaka sasa? Mama anasemaje wakiwa wawili? Unadhani niongee na Baba mdogo kwanza au atakasirika kwamba nimepita pembeni? Kuna mtu yeyote ukoo wa kwenu au wa kwetu aliyewahi kumpa mkwe jina, hata mtoto wa kulea? Na wewe mwenyewe Neema, ulivyoolewa ukabaki na jina la baba yako, ulifikiria au ilitokea tu? Ungekuwa mimi ungeandika nini kwenye ile fomu?

Nakusubiri Jumamosi usiku, simu nitaiweka karibu hata nikiwa zamu.

Wako,
Upendo